Alama ya Katikati

Chome, Jumapili 11 Agosti 2024

Shemeji Melkizedeki,

Shikamoo. Hujambo huko Kighare? Na masikio yanaendeleaje? Blessing aliniambia, "Mama, mpigie tu simu." Nikamwambia mara ya mwisho nilikupigia nikakuuliza hali ya mama yako, ukanijibu bei ya mbuzi. Kwa hiyo naandika. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Baridi ya Shengena imekaa hadi mwezi huu, maharage yanachelewa kukauka, lakini tunakula na tunalala.

Barua hii dereva wa lori la kabichi ataiacha Mwanga, dukani kwa Shamsa, uikute siku ukishuka sokoni. Pamoja nayo iko chupa ya asali. Utashangaa. Mizinga ile ya Elirehema, iliyokuwa ikitoa ndoo moja kwa shida miaka yake ya mwisho, mwaka huu imenipa ndoo nne. Nilikuwa namtania mume wangu kwamba nyuki wamemwiga uvivu. Sasa yeye amelala, na wao wameamka.

Ninalo jambo, shemeji, na sina mwingine wa kumwambia, maana gari hili mlilitengeneza ninyi wawili kwa mikono yenu. Zile tairi kubwa, zile springi za kuongeza, lile bampa la chuma, ile keria ya juu. Gari linakula dizeli.

Geji ilikufa zamani, unajua. Tunapima kwa kijiti cha mpera alichokichonga Elirehema alama tatu. Jumatatu tunajaza Same mpaka alama ya juu. Gari linashuka Same na kupanda Chome na abiria na magunia yao Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumamosi jioni yeye alikuwa analiosha, mimi nachovya kijiti, kisha tunaweka mikono kwenye boneti na kuomba, kushukuru kwamba wiki imeisha na hakuna aliyeumia. Miaka yote ile kijiti kilitoka na dizeli kwenye alama ya katikati. Masika, kiangazi, alama ya katikati. Ilikuwa kama saa.

Baada ya msiba gari lilikaa. Aprili nikampa Rodrick usukani. Unamkumbuka Rodrick, mtoto wa Loth, mume wa Devotha. Elirehema ndiye aliyemfundisha kuendesha. Tangu hapo, Jumamosi kijiti kinatoka kikavu mpaka chini kabisa. Unyevu wa vidole viwili. Safari ni zilezile, barabara ni ileile, gari ni lilelile. Kilichobadilika ni mtu.

Sijamwambia neno. Nikimtazama anavyowashika vikongwe mkono kuwapandisha garini, naona siwezi. Nikitazama kijiti, naona ananiibia. Mtu akiitwa mwizi huku kwetu jina hilo linakwenda mpaka kwa wanawe. Nisaidie, shemeji. Niambie kama kuna kitu kingine kinachoweza kunywa dizeli kiasi hicho, kabla sijafungua mdomo.

Ni mimi shemeji yako,
Dorkas, Mama Blessing


Kighare, 20 Agosti 2024

Mama Blessing,

Marahaba. Mimi ni mzima, masikio ndiyo hayo, miaka arobaini ya kugonga chuma haiwezi kukuacha hivihivi. Mama anakula uji na kunigombeza, kwa hiyo naye ni mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu.

Gari kuukuu, shemeji, halipotezi mafuta mahali pamoja. Linapoteza hapa kidogo, pale kidogo. Anza na tairi. Zile ni kubwa na nzito, tulizifunga ili livuke mawe, na zikipungua upepo gari linakuwa kama linaburuta gunia kwenye matope. Zijazwe kila Jumatatu, si mpaka zionekane zimelala. Kisha breki. Dereva akishuka mpaka tambarare asimame, apitishe kiganja karibu na kila drami ya gurudumu. Iliyo moto kuliko wenzake ndiyo inayoshika, na inashika hata asipokanyaga. Chujio la hewa, sina hakika kama limeguswa tangu nifunge gereji yangu ya Same. Chujio la dizeli nalo lifunguliwe lisafishwe. Na ile keria, shemeji. Ile keria ni chuma kizito kabla hujaweka hata gunia moja. Ingekuwa ni gari langu ningeishusha.

Fanya hayo kwanza, halafu uone. Usimwite mtu mwizi. Hilo nakuomba sana, sana.

Asali nimeipokea. Bado sijaionja, nimeiweka juu ya kabati.

Wako,
Melkizedeki


Chome, Jumapili 8 Septemba 2024

Shemeji mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Nimetoka kanisani sasa hivi, chakula kiko jikoni, nakuandikia kwanza nisisahau hata moja.

Nilimsomea Rodrick barua yako, isipokuwa ule mstari kuhusu mwizi. Alifurahi kama mtu aliyepewa mbuzi. "Mama, mimi nilikuwa naona gari linaumwa, nikaogopa kusema. Ningesema ungeliuza." Tairi amejaza. Breki, shemeji, umesema kweli! Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa la moto mpaka akatema mate yakachemka. Siku hiyo nilikuwa nimepanda nao, tukasimama njiani, akaniita nije nione. "Mama, lete yai." Abiria walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha kofia bondeni. Ameifungua, ameisafisha, sasa gurudumu linazunguka kwa kidole. Chujio la hewa lilitoa vumbi la kujaza bakuli na kiota cha panya. Chujio la dizeli atalifungua Same siku akipata nafasi, huku hana spana yake.

Keria nimekataa. Rodrick alinibembeleza, akasema, "Mama, tunabeba abiria wawili wa chuma kila siku, nao hawalipi nauli." Nikamwambia aache. Elirehema aliichomelea mwenyewe hapa uwanjani, nikimshikia taa, na kovu la cheche alikwenda nalo kaburini. Siwezi kuishusha.

Sasa kijiti. Kimepanda vidole viwili. Nilimshukuru Mungu kwa hivyo viwili. Lakini mpaka alama ya katikati bado ni mbali, shemeji, na vyote ulivyosema tumevifanya isipokuwa hilo chujio na keria. Je, keria peke yake inaweza kunywa kiasi hicho? Mbona wakati wa Elirehema ilikuwepo na haikunywa?

Na jambo moja hukulitaja. Jirani yangu Sifael ananilalamikia moshi. Gari likivuta mpando wa Mawe Mekundu linatoa moshi mweusi, nguo zake alizoanika zinaingia masizi. Niliwahi kumuuliza Elirehema, akasema ni uzee tu. Moshi ule ni wa nini?

Naogopa kuingia Jumamosi nyingine. Nikichovya kijiti, Rodrick ananitazama usoni kama mgonjwa anayemtazama daktari.

Dorkas


Chome, Jumamosi 21 Septemba 2024

Shemeji,

Sijapata jibu lako na sijui kama nitalihitaji. Nimekwisha kufanya.

Jana nilishuka na gari Same kuuza maharage. Nilipotoka sokoni nikapita nyuma ya stendi, ambako abiria walikuwa wakisubiri kupanda. Rodrick alikuwa amelala chini ya gari, mpira mdomoni mwa dumu, na dumu lina dizeli karibu nusu. Nilisimama pale mpaka akaniona miguu.

"Hiyo ni nini, Rodrick?"

"Dizeli, mama."

"Ya nani?"

"Ya gari." Abiria wakacheka.

"Naona ni ya gari. Nauliza inakwenda wapi."

"Inarudi humohumo garini, mama, nilikuwa nafungua..."

Sikumwacha amalize. Miezi mitano ilinipanda kichwani kwa mara moja. Nikalisema lile neno, shemeji. Nikalisema kwa sauti, mbele ya abiria wote wa Chome na watu wa stendi. Alikuwepo Ledama, yule mfugaji wa tambarare anayenunua maharage kwangu, akasema taratibu, "Mama, mwache aseme." Nikamwambia hayamhusu.

Rodrick hakubishana. Alimimina ile dizeli ndani ya tangi mpaka tone la mwisho, akafunga kifuniko, akafuta mikono, akaweka ufunguo juu ya boneti. Pale pale tunapoweka mikono kuomba. Akaondoka kwa miguu. Tulipandishwa na dereva wa kukodi.

Mtu aliyekamatwa na dumu hawezi kuwa na la kujitetea, sivyo? Mbona basi sina amani? Leo jioni nilikwenda kwenye gari kuomba, nikasimama na mikono yangu miwili, nikakosa la kusema.

Dorkas


Kighare, 29 Septemba 2024

Mama Blessing,

Barua zako mbili Shamsa amenipa siku moja. Nimezisoma nikiwa nimekaa nje ya duka lake, kisha nikairudia ya pili.

Rodrick hakuiba. Chujio la dizeli halifunguliki bila kukinga dizeli kwanza kwenye chombo, na ndivyo alivyokuwa akifanya. Nilipaswa kukuandikia hivyo na sikuandika. Hilo ni kosa langu dogo. Sasa nakuja kwenye kubwa.

Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua. Nilijua hivyo tangu barua yako ya kwanza. Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu inayopima kiasi kinachoingia kwenye injini. Mwaka 2019 niliizungusha mimi, kwa bisibisi yangu, na Elirehema amesimama kando.

Unaikumbuka masika ile. Gari lilikuwa Same, limepakia saruji ya kanisa, ikaja habari kwamba mke wa Rodrick ana uchungu tangu usiku na hakuna cha kumshusha hospitali. Elirehema alipanda mbio, gari likashindwa Mawe Mekundu mara mbili, mpaka wakashusha saruji barabarani. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa, na wewe ndiye uliyekuwa umemshika Devotha. Elirehema aliniambia hakuna mtu aliyemlaumu. Ila wewe ulimuuliza neno moja mbele ya watu: "Umechelewa wapi?" Sidhani kama ulikuwa na nia mbaya. Lakini wiki ileile alikuja gereji akaniambia, "Melki, lipe hili gari nguvu. Hata likila, lile." Nikamwambia litakula sana. Akasema, "Nipe nguvu, ya kula niachie mimi. Na Dorkas asijue, atajua ni kwa sababu ya neno lake."

Kwa hiyo ile alama ya katikati, shemeji, haikuwa ya kweli. Nisamehe kwa kukuvunjia. Kila Ijumaa, kabla ya kupanda, alipita gereji kwangu. Alikuwa na dumu lake la dizeli nyuma ya mlango wangu. Alimimina mpaka ifike pale ambapo kesho yake wewe ungeikuta. Alikuwa na kijiti kingine, pacha wa hicho chako. Alifanya hivyo mpaka alipolala kitandani, na hakuwahi kukosa.

Dizeli ile aliinunua kwa asali. Nyuki hawakuwa wavivu.

Nilimwahidi kwamba sitasema. Uliponiandikia nilidhani ukijaza tairi na kusafisha breki kijiti kitapanda vya kutosha, nami nibaki na ahadi yangu. Nilimlinda aliyekufa, nikamwacha aliye hai aanguke. Nitakuja Chome mwenyewe kurudisha skrubu hiyo, ukinikubalia kukanyaga kwako.

Melkizedeki


Same, 15 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako Ledama ameniletea kwenye lori la maji ninaloendesha sasa, nawapelekea ng'ombe wa wafugaji maji huku tambarare. Kazi siyo mbaya. Barabara imenyooka kama rula, na ng'ombe hawaulizi dizeli imekwenda wapi. Samahani mama, natania.

Nimeisoma yote pamoja na nakala ya maneno ya fundi. Kiukweli nilikaa kwenye usukani muda mrefu mpaka Ledama akagonga kioo. Mzee hakuwahi kuniambia. Alikuja tu nyumbani baada ya mtoto wetu, akasema, "Njoo nikufundishe gari, siku nyingine lisimsubiri mtu mmoja." Nilidhani anatafuta utingo.

Umeniomba msamaha na mimi nimekusamehe, mama, nimemwambia na Devotha akusamehe, anasema anajaribu. Lakini kurudi siwezi kwa barua. Barua nimeisoma peke yangu. Lile neno walilisikia watu stendi nzima, na walipofika nyumbani wakawaambia ambao hawakuwepo. Mwanangu Eliakunda ameulizwa shuleni.

Sikuambii ufanye nini, wewe ni mama yangu. Nakuambia tu lilikosemwa.

Fundi akija, usimwache arudishe skrubu halafu mwendelee kupakia vilevile, gari litakufa pale Mawe Mekundu kama zamani. Hamhitaji nguvu, mnahitaji kupunguza mzigo. Nilikwambia kuhusu keria.

Mwanao,
Rodrick


Chome, Jumapili 3 Novemba 2024

Shemeji Melkizedeki,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na ulimkuta mama na uji wake, hajakasirika sana. Tangu uondoke nimekuwa nikisema nitakuandikia kesho.

Siku ile ulipozungusha ile skrubu nilikuwa nimesimama kando, kama alivyokuwa amesimama yeye. Nilidhani nitaona kitu kikubwa. Ni mzunguko mdogo namna ile, wa kuwasha redio! Miaka mitano ya mume wangu ilikuwa ndani ya kitu kidogo kuliko kifungo cha shati.

Keria tumeishusha. Loth na vijana wa msaragambo, wale wa kazi ya pamoja ya barabara, walinisaidia, ilihitaji wanaume sita. Sasa iko nyuma ya jiko na naanikia maharage juu yake, na kuku wamekwisha kujichagulia upande wao. Magunia tunapakia sita badala ya kumi na moja. Abiria wamenung'unika, nikawaambia anayetaka kupanda na magunia yake yote akodi lori.

Ijumaa ya tarehe ishirini na tano nilishuka Same. Nilisubiri mpaka gari likajaa, wengi ni walewale, nikamwomba Ledama aje na Rodrick. Nikasimama nyuma ya gari, mahali palepale. Shemeji, nimesimama kanisani mara nyingi kusoma, lakini siku ile ilibidi kwanza nishike ubavu wa gari. Nikasema, "Ninyi mlinisikia hapa nikimwita Rodrick mtoto wa Loth mwizi. Hakuiba. Niliyesema uongo ni mimi." Nilikuwa nimepanga maneno mengi kuhusu pampu na chujio. Yalinipotea yote. Yule mzee aliyepoteza kofia bondeni akasema, "Haya, dereva, tupeleke nyumbani, baridi inaingia." Watu wakacheka. Rodrick akaja akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Mawe Mekundu tulipanda kwa gia ya chini, polepole, kwa moshi mwembamba wa kawaida. Sifael alikuwa ameanika. Alitupungia mkono.

Jana Jumamosi tulichovya kijiti. Mimi na Rodrick, na Devotha alikuja akasimama mbali kidogo, karibu na ua. Dizeli ilikuwa vidole vitatu chini ya alama ya katikati. Rodrick akaniangalia usoni kwa woga wa zamani. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kweli ya gari. Nalo limezeeka." Akatoa kisu, mimi nikashika kijiti, akachonga alama mpya hapohapo dizeli ilipokomea. Ile ya katikati hatukuifuta. Nilipitisha kidole juu yake, imekatwa kwa ndani sana, kama ya mtu aliyetaka idumu. Kisha tukaweka kila mmoja mkono wake kwenye boneti, na safari hii maneno yalikuja. Tulipofumbua macho kulikuwa na mikono mitatu.

Asali iliyobaki nimempelekea Devotha. Hatukusema mengi. Neno langu lile la mwaka 2019 nimemwambia nalijua sasa lilikwenda wapi.

Ninalo swali moja, shemeji. Ulipokuwa hapa sikuliuliza, kwa sababu ingenibidi nipige kelele sikioni kwako na watu walikuwepo uwanjani. Ndiyo maana naliandika. Zile Ijumaa, alipokuwa akimimina lile dumu na kuchovya kile kijiti chake, alikuwa na uso gani? Alikuwa na uso wa mtu anayeniogopa? Au kuna hata siku moja alicheka? Usinifiche kwa kunihurumia, umeona yaliyotokea.

Lori la kabichi linarudi Alhamisi. Tafadhali nijibu mapema.

Shemeji yako,
Dorkas